Pua ya Eeddo Timiro

Kibanda cha Eeddo Timiro kiko nyuma ya soko la nguo hapa Garissa. Ukitaka kukipata usitafute kibao, tafuta cherehani zilizopinduliwa miguu juu. Yeye huketi katikati yake juu ya mkeka, mgongo ukutani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na mbele yake ametandika kitambaa cheupe. Kila skrubu anayoifungua anaiweka hapo kwa mstari, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, na akirudisha anaanzia kulia. Binti yangu Hamda ana mwaka na nusu na hakuna kitu asichokitia mdomoni, lakini akikifikia kitambaa hicho husimama mwenyewe na kuweka mikono nyuma. Sijui Eeddo alimwambia nini. Kwangu hata kijiko hakikai mezani.

Eeddo ni shangazi kwa Kisomali. Timiro ni dada wa marehemu baba wa mume wangu, Abdinoor. Alizaliwa Kotile, katikati ya wafugaji, na akaingia polisi wakati ambapo msichana wa kule akisema anataka kuvaa magwanda watu walidhani ana homa. Alikaa humo miaka ishirini na minne, mingi kati ya hiyo akiwa mtunzaji wa ghala la silaha. Alistaafu akiwa koplo. Wanaume wa sokoni mpaka leo humwita hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa utani.

"Koplo! Leo umekamata nani?"

"Nimekamata bobini. Ameshakiri."

Jambo la kwanza nililoliona kwake nilipoolewa ni kwamba hafungui mashine kabla ya kuinusa. Huipindua, huinama mpaka miwani inagusa chuma, hufumba macho. Kisha anasema: hii imetiwa mafuta ya kupikia. Hii ililala kwenye nyumba ya mbuzi. Mafundi hucheka, lakini wakirudi nyumbani na kuuliza wanakuta ni kweli. Mimi nilisoma hadi darasa la nane na kuna vitu vingi sivijui, ila mtu anayekijua kitu kweli namjua nikimwona, na mbele yake huwa nakaa kimya nikitazama mikono.

Sasa nieleze jambo lililotupeleka Nairobi.

Abdinoor hununua ng'ombe upande wa Kotile na Ijara na kuwaleta mnada wa Garissa. Mara nyingine hufika hadi Tarbaj kutafuta ngamia. Kwa sababu ya barabara hizo aliomba leseni ya bastola akapewa, na kwa miaka minne ilikaa kiunoni mwake kwenye mfuko wa ngozi. Mimi sikuwahi kuigusa. Nilikuwa nikiiona nahisi kama kuna mgeni ndani ya nyumba asiyeongea.

Mtu anayeshinda na ng'ombe hurudi ananuka ng'ombe, na mkanda wa ngozi ulioloa jasho ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo kila alipokuja kula mchana, akishavua koti na mkanda akavitundika kwenye kiti, akaswali na kujilaza kidogo, mimi niliwasha uunsi. Huo ni udi wetu, unapikwa kwa sukari mpaka inakuwa rangi ya asali, kisha inatiwa manukato. Mama yangu alinifundisha kuupika wiki moja kabla ya harusi. Niliweka chetezo chini ya kiti, nikafunika kila kitu kwa shuka kama hema, na moshi ukafanya kazi yake. Abdinoor akitoka hapo anapita sokoni na watu wanajua huyu ana mke. Nilifurahia sana hilo, siwezi kuficha.

Basi, mwaka huu baada ya mvua, gari lake likakwama kwenye tope asubuhi moja akitoka Kotile. Watu watatu wakatoka kichakani na mapanga. Abdinoor akatoa bastola, akapiga juu. Ikalia. Wawili wakakimbia, mmoja akaendelea kuja. Abdinoor akafyatua tena na haikutoka kitu. Akafyatua tena, kimya. Yule mtu naye alikuwa amechelewa tu kuogopa; akageuka akawafuata wenzake. Hawakujua kwamba walikuwa wanakimbia chuma kilichokufa.

Alipofika nyumbani hakukaa. Alisimama mlangoni akimtazama Hamda anavyoburura sufuria.

"Ilikataa, Deeqa."

"Nini kilikataa?"

"Bastola. Mara ya pili ilinifia mkononi."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri wala mimi. Akaamua kuibadilisha. Rafiki yake Guleid, dalali wa ng'ombe mwenye maneno mengi, akaja na simu kutuonyesha bastola mpya.

"War, bwana, tazama hii! Ndogo hivi, inakaa chini ya shati hata mkeo hajui. Na risasi zake ni za kipimo kipya, nyembamba kuliko za milimita tisa, kwa hiyo zinaingia mbili zaidi. Hizo zako ni za wazee!"

"Yenye kuaminika ndiyo ninayotaka," Abdinoor akasema. "Udogo baadaye."

Jioni akaenda kibandani kwa Eeddo, nami nikafuata na Hamda mgongoni.

"Eeddo, njoo unichagulie."

"Wewe huna macho?"

"Ile ya kwanza nilichagua kwa macho."

Eeddo akaweka chini bisibisi. "Kufunguliwa ndani ilifunguliwa lini?"

"Wallahi naisafisha kila mwezi. Mtutu, na nje kote."

"Nimeuliza ndani."

Abdinoor akatazama viatu vyake. Eeddo akatingisha kichwa, akaanza kurudisha skrubu zake, kuanzia kulia. Hakusema atakuja wala hatakuja, lakini Jumanne alikuwa tayari na begi lake, amevaa jilbabu jipya la kijivu.

Nami nilikwenda, kwa sababu Hamda bado ananyonya.

Duka la silaha huko Nairobi lilikuwa ghorofani, milango miwili ya chuma, kamera kila pembe. Muuzaji alikuwa mwanamume mpole, nadhifu, suti ya buluu. Alimkaribisha Abdinoor kwa mkono, mimi akanionyesha benchi, na Eeddo akapewa kiti kama mzee aliyechoka na ngazi. Akaanza kueleza. Alizungumza na Abdinoor peke yake, na kila akitaja jambo zuri alikuwa akigonga kioo cha kabati kwa kidole.

"Hii ndiyo ninayowapa wateja wangu sasa. Fupi, nyepesi, kipimo kipya. Kumi na mbili ndani badala ya kumi. Ukiwa na leseni yako iliyoandikwa kipimo hiki, kaka, umemaliza."

"Naweza kuishika?" Eeddo akauliza.

Muuzaji akatabasamu. "Mama, hii kidogo ni nzito kwa…"

Eeddo akatoa kadi yake ya polisi mstaafu, akaiweka juu ya kioo. Halafu akatoa kwenye begi kile kitambaa cheupe. Alikuwa amekibeba kutoka Garissa! Akakitandika.

Sijui nielezeje nilichokiona. Mikono ile mnaijua, ina makovu ya sindano za cherehani, kucha zina hina iliyofifia. Aliichukua ile bastola, akaangalia kwanza kama iko tupu, akaangalia tena, akatia kidole mahali pa risasi kuhakikisha kwa mara ya tatu, na mdomo wa mtutu haukumwelekea mtu hata mara moja. Akavuta sehemu ya juu nyuma taratibu, akaiachia, macho yamefumbwa. Akasikiliza. Akavuta tena. Muuzaji aliacha kutabasamu. Akasogea, akaegemea kioo kama sisi wengine.

"Ni kitu kizuri," Eeddo akasema. "Aliyeitengeneza hakuwa na haraka."

"Nilikwambia, Eeddo!" Abdinoor akafurahi.

"Risasi zake zinatengenezwa na kampuni ngapi?"

"Kwa sasa… mbili, mama. Lakini zitaongezeka."

"Na Garissa anazipata wapi?"

"Garissa bado. Ila tunaweza kumtumia, au azifuate hapa."

"Azifuate kwa barabara ileile."

Muuzaji akakohoa. Eeddo hakumcheka. Akamuuliza bei ya makosa, hivi ndivyo alivyosema: mtu akikosa kujizoeza kwa sababu anazionea risasi huruma, kosa lake linagharimu nini? Muuzaji akasema, "Afande, hilo ni swali zuri." Ndipo nilipoona kwamba neno mama limeondoka.

Kisha Eeddo akaomba ile ya zamani. Ilikuwa imeshakabidhiwa dukani ikaguliwe kabla ya kubadilishwa. Wakaileta. Akahakikisha iko tupu, akaivuta, akasikiliza, kisha akaifungua.

Ile bastola, mgeni asiyeongea niliyemwogopa miaka minne, ikawa vipande juu ya kitambaa, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Springi, pini, mtutu, vitu vidogo kama vya cherehani. Nilimkumbatia Hamda nikashangaa kwamba hofu yangu yote ilikuwa imejengwa kwa vitu hivyo. Eeddo akachukua springi ndefu. Ilikuwa na utando wa kahawia, na vumbi limeganda juu yake kama sukari kwenye kaimati. Akaipeleka puani.

Kisha akageuza kichwa na kunitazama mimi.

Nilijua. Kabla hajasema lolote nilijua, kwa sababu chuma kilikuwa kimepata joto la taa na ile harufu ikanifikia kwenye benchi. Ilikuwa harufu ya nyumba yangu. Sukari, udi, manukato yangu. Miaka minne ya moshi mtamu chini ya shuka, mkanda, mfuko na kilichomo, maana nilikuwa naogopa kuitoa, basi nilifukiza vyote pamoja. Nilimwona yule mtu wa panga akija, na Abdinoor akifyatua, na mimi nikiwa jikoni naimba.

"Ni nini, Afande?" muuzaji akauliza.

"Uchafu," Eeddo akasema, akaweka springi mahali pake.

"Ndiyo hivyo, bastola ikifika umri huu inaanza kukataa. Heri abadilishe tu, asibahatishe," muuzaji akasema.

Abdinoor alikuwa ameshashika kalamu. "Basi niandikie ile mpya. Siwezi kurudi na kitu kilichonikana."

"Hutasaini kabla ya alasiri," Eeddo akasema. "Twende tukale. Sijala tangu alfajiri na huyu mtoto anamla mama yake."

Mtu hamkatalii shangazi yake mbele ya watu. Tukashuka.

Kwenye hoteli upande wa wanawake kuna pazia. Abdinoor akaketi upande wa pili na simu yake, sisi tukaingia ndani. Chai ikaja, nami sikuweza kuinua kikombe.

"Eeddo, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ilinukia kama bibi harusi." Akamchukua Hamda, akampa kijiko. "Na moto karibu na risasi, masikini. Mungu amekupendeni."

"Mbona hukusema pale?"

Akaniambia jambo ambalo, kwa kadiri ninavyojua, hakuna mwingine Garissa aliyeambiwa. Alipokuwa na mwaka mmoja kazini aliolewa, na kama bibi harusi yeyote alifukiza magwanda yake kila asubuhi, mkanda na bastola ya kazi ndani yake. Siku ya kulenga shabaha ikakataa mbele ya gwaride zima. Mkubwa wao akauliza nani alisafisha silaha hizi. Alikuwa konstebo mmoja, Zakariye, kijana wa taratibu aliyesafisha kila kitu vizuri usiku wa kabla. Akahamishiwa Rhamu, mbali kule mpakani, wiki ileile, na jina lake likaandikwa vibaya kwenye faili.

"Nilikuwa nimeinusa pale pale uwanjani," Eeddo akasema. "Nikanyamaza. Nikajiambia nitaacha kufukiza, na mambo yatakwisha. Na kweli, haikukataa tena."

"Ukamwambia lini?"

"Nilimwandikia barua baada ya miaka tisa. Akanijibu salamu tu."

Alikuwa anamfuta Hamda mdomo kwa pembe ya jilbabu. Niliangalia mikono yake nikaelewa kwa nini skrubu hupangwa kwa mstari, na kwa nini baada ya hapo aliomba mwenyewe kazi ya ghala, na kwa nini hunusa kila kitu mpaka leo.

"Sasa sikiliza, abaayo, dada yangu. Ukinyamaza, atanunua ile mpya. Utaacha kufukiza, nayo itafanya kazi, wala hakuna atakayejua. Lakini risasi hana. Atakuwa nazo ishirini, thelathini, atazitunza kama dhahabu, hatapiga hata moja kujizoeza. Na leseni ikishaandikwa kipimo kile, kuirudisha nyuma si kazi ya siku moja. Ile ya zamani haina kosa, ni sukari ya moshi tu iliyogandisha springi. Nimeisikiliza."

"Si umwambie wewe, Eeddo. Nakuomba. Wewe atakuelewa."

"Mimi nimenusa tu. Aliyefukiza ni wewe."

Adhana ya alasiri ikaanza. Niliona kwamba nikimaliza kuisikiliza nitakuwa nimepata sababu ya kusubiri swala, kisha ya kusubiri chai nyingine. Nikafungua pazia nikaenda.

Abdinoor alikuwa anamwonyesha mhudumu picha ya ile bastola mpya. Nikamuuliza nisimame au nikae? Akaniambia kaa, una nini? Nikamwambia yote, nikiangalia chupa ya pilipili. Uunsi, shuka, kiti, mfuko. Nikamwambia: uliponea chupuchupu, na aliyekutia humo ni mimi, na si kwa chuki.

Mhudumu akaondoka. Nilihesabu mbegu za pilipili kwenye chupa.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku uliyokula nyumbani."

"Miaka minne." Akapitisha mkono usoni. Macho yake yalikuwa mekundu na nilidhani sasa atapaza sauti mbele ya watu. "Deeqa, mimi ndiye niliyeiacha kwenye kiti. Niliambiwa siku ya kupewa leseni: ikitoka kiunoni inaingia kwenye sanduku la chuma na kufungwa. Nikaona uvivu, nikasema mke wangu haigusi." Akavuta pumzi. Halafu pembe ya mdomo wake ikacheza. "Sasa wale watatu, walikimbia mlio au harufu?"

Nilicheka na kulia pamoja, nikajifuta kwa mtandio. Nyuma ya pazia nikamsikia Eeddo akimwambia Hamda, "Haya, kunywa chai yako, mambo yametulia."

Tukarudi dukani. Abdinoor akamwambia muuzaji hasaini, anataka ile ya zamani ioshwe ndani, kisha ijaribiwe. Muuzaji akasema sawa, lakini Afande asimame na fundi wake. Ilichukua saa nzima. Kisha wakaenda nayo kwenye uwanja wao wa kulenga, na mimi nikabaki nje ya ukuta na Hamda, nimemziba masikio kwa viganja. Eeddo akatoka akasimama karibu nami, akaegemea ukuta, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Risasi zikalia moja moja, kisha mbili mbili, kisha mfululizo. Mimi nilisikia kelele tu. Yeye alikuwa anasikia kitu kingine ndani ya kelele, ganda likitoka, springi ikirudi, inayofuata ikiingia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kisomo. Sijawahi kuona mtu akisikiliza hivyo.

"Hamsini," akasema, akafumbua macho. "Hakuna iliyogoma."

Abdinoor alitoka akiwa ameshika mfuko wa ngozi, na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ile ya tope. Muuzaji akamfuata Eeddo mpaka kwenye ngazi. "Afande, ungekubali kuwa unakuja hapa mara moja kwa mwezi…"

"Nina cherehani kumi na mbili zinaningoja, kijana."

Siku hizi Abdinoor akija kula mchana anaingia chumbani kwanza. Nasikia sanduku la chuma likifunguliwa na kufungwa. Kisha anakuja jikoni, anafungua mfuko wa ngozi mbele ya macho yangu, anaugeuza kuonyesha kwamba ni mtupu, anaupiga kofi mgongoni. Ndipo ninapowasha uunsi. Jumamosi anakwenda uwanja wa kulenga, na risasi zake anazipata hapahapa.

Nami alasiri nakaa na Eeddo kibandani. Sikumwomba, aliniita. Jana alifungua cherehani moja nyeusi, akatoa springi, akaniwekea kiganjani.

"Nusa."

Nikainama. Nikafumba macho kama yeye.

"Mafuta ya simsim," nikasema.

"Na nini tena?"

Nikanusa tena, muda mrefu. Kulikuwa na kitu chini ya simsim, kichachu kidogo, nakijua, nimekivaa kifuani mwaka na nusu.

"Maziwa?"

Eeddo akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye uzi wake. "Ni ya Ramlo, yule wa mtaa wa pili. Amejifungua mwezi jana. Anashona huku ananyonyesha." Akachukua springi, akaiweka kwenye kitambaa cheupe, kwenye nafasi yake, na akanisukumia bisibisi.